Terrat kwa Miguu: Matembezi ya Wawili, Dawa ya Mgongo

Ukitaja Arusha na wikiendi kwa pamoja, kila mtu ana lake. Huyu atakwambia Ziwa Duluti, yule atakupeleka Hifadhi ya Arusha kutazama twiga, na wale wa kula bata watakuvuta Kwa Mrombo kwenye nyama choma. Terrat haimo kwenye orodha. Haina hoteli ya nyota, haina bango la kukukaribisha, na wakazi wengi wa mjini wanaijua kama mahali pa kununua kiwanja tu.

Lakini kama wewe au mwenzi wako ni mmoja wa wale wanaoshika kiuno kila wakiinuka kwenye kiti, nina sababu ya kukushawishi upande gari uende huko. Na nina sababu nzuri zaidi ya kukushawishi ushuke kabla hujafika.

NJIA YA KUSINI

Terrat ni kata ya kusini mwa Jiji la Arusha. Ukiwa mjini, chukua kifodi (ndivyo watu wa Arusha walivyozoea kuziita Hiace zao) cha Kwa Mrombo kinachopita FFU. Ukiteremka pale utapokelewa na moshi wa mbuzi wa kuchoma, honda za bodaboda na wauza mahindi. Kaza moyo, endelea mbele. Nyama utaikuta wakati wa kurudi.

Ukishaacha kelele zile, nyumba zinaanza kuachana. Unaona misingi, marundo ya tofali, mapagale yenye miti iliyoota ndani, na hapa na pale nyumba iliyokwisha yenye mapazia mapya. Huku ndiko wanandoa wengi vijana wanakojenga, maana viwanja vya karibu na mjini vimekuwa vya wenye nazo. Katikati ya misingi hiyo kuna maboma ya Waarusha na Wamasai waliokuwapo kabla ya sisi sote, mashamba ya mahindi na maharage, mbuzi, na punda wenye madumu ya maji.

Kisha geuka nyuma. Mlima Meru, mita 4,566, umesimama wote mbele ya macho yako. Ukiwa mjini uko chini ya kidevu chake na unaona kipande tu. Ukiwa Terrat unauona kuanzia mabegani hadi kileleni. Asubuhi isiyo na mawingu ni zawadi, tena ya bure.

Barabara za ndani ni za vumbi wakati wa kiangazi na za utelezi wakati wa masika. Ukipanda bodaboda utaruka kwenye kila shimo. Hapo ndipo habari ya mgongo inapoanza.

MASAJI YA BURE

Arusha ni mji wa utalii, na nyuma ya kila mtalii anayepiga picha ya simba kuna dereva aliyekaa kwenye kiti cha Land Cruiser tangu alfajiri. Ukishapita lango la Loduare pale Ngorongoro, lami inakuwa hadithi. Wageni huambiwa kwa utani kwamba ile mitikisiko ni masaji ya Kiafrika, wameipata bure. Mgeni anacheka kwa sababu yeye ataipata siku tano. Dereva anaipata mwaka mzima.

Mume wangu ni mmoja wao. Juni moja, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, aliteremka kwenye gari akashindwa kunyooka. Maumivu yalianzia kiunoni upande wa kushoto, yakapita kwenye tako, nyuma ya paja, hadi kwenye vidole vya mguu, kama umeme. Kukohoa tu kulimtoa machozi. Na sisi tulikuwa na msingi Terrat uliokuwa ukisubiri tofali, na tofali zilikuwa zikisubiri pesa za msimu huo.

Jamani, hapo ndipo utajua una ndugu wangapi. Mmoja alisema pingili zimesagika. Mwingine akasema ni mshipa wa ngiri. Wa tatu alileta mafuta ya kuchua, wa nne mkanda wa kiunoni, na wote kwa pamoja walikubaliana kwamba baba alale chali mwezi mzima, ikiwezekana juu ya ubao. Fizio wa hospitali moja mjini alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akamwambia mgonjwa ainuke atembee.

SIATIKA NI NINI HASA?

Tuelewane kwanza. Siatika ni jina la maumivu yanayofuata njia ya mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo ndio mnene kuliko yote mwilini, unakaribia unene wa kidole. Mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, inaungana, inapita kwenye tako na kushuka mguuni. Mara nyingi kinachousumbua ni diski, ule mto mlaini ulio kati ya pingili na pingili. Ukivimba au kupasuka, unaugusa mzizi, na wewe unasikia mguu unawaka ingawa tatizo liko mgongoni. Wazungu wenyewe walichelewa kulifahamu hilo. Ni mwaka 1934 ndipo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, walipochapisha ushahidi kwamba diski iliyopasuka ndiyo inayoleta siatika kwa wagonjwa wengi.

Sasa sikia habari njema. Kwa watu wengi maumivu haya yanapungua sana ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Mwili wenyewe unakinyonya kile kipande cha diski kilichotoka, na uvimbe unashuka. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2007 uliwafuatilia wagonjwa 283 wenye siatika kali. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini baada ya mwaka mmoja hali zao na za wale walioanza kwa kusubiri zilikuwa karibu sawa, ingawa baadhi ya waliosubiri nao waliishia kupasuliwa. Upasuaji una kazi yake. Kwa wengi, sio mlango wa kwanza.

Na lile neno "pingili zimesagika" tulitulize kidogo. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote. Asilimia 37 ya wenye miaka 20 walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani ni kama mvi, zinakuja tu. Picha ya kipimo inaweza kukutisha bure ukiisoma peke yako bila mtaalamu wa kukupima na kukusikiliza.

KWENYE CHUMBA CHA FIZIO

Wengi wanadhani fizio ni mtu wa kukanda. Huyu hakukanda kwa nusu saa ya kwanza. Aliuliza maswali: unaamka vipi, unaendesha saa ngapi, nini kinapunguza, nini kinaongeza. Akamlaza chali, akauinua mguu ulionyooka polepole hadi maumivu yalipoamka. Akamwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Hicho si kichekesho. Mzizi mmoja ukibanwa unashindwa kuinua unyayo, mwingine ukibanwa unashindwa kusimamia vidole. Akagonga nyuma ya kifundo kwa nyundo ndogo ya mpira.

Baada ya hapo akamgeuza kifudifudi. Kwanza alale tu. Kisha ajiinue kwa viwiko. Kisha anyooshe mikono, kifua kipande juu, kiuno kibaki kitandani. Mara kumi, polepole. Baada ya muda maumivu yalitoka vidoleni yakapanda hadi kwenye paja. Kiuno kikauma zaidi kidogo, mguu ukapoa. Fizio akafurahi: maumivu yakirudi kuelekea mgongoni, njia ni ile ile. Yakishuka kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo.

Zoezi lenyewe lina hadithi. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, mgonjwa mmoja wa fizio Robin McKenzie alijilaza kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande wa kichwani kilikuwa kimeinuliwa. Mgongo ukawa umepinda kinyume kwa dakika kadhaa kabla McKenzie hajarudi chumbani. Alitarajia kilio, akakuta mguu umepona kuliko ulivyokuwa kwa wiki kadhaa. Kutokana na tukio hilo akajenga mfumo mzima wa matibabu unaotumika duniani kote hadi leo. Haumfai kila mtu, kuna migongo inayotaka kuinama badala ya kunyooka, ndiyo maana unapimwa kwanza.

Na kitanda je? Hapo utafiti umekwisha sema. Mwaka 1995, mjini Helsinki, watu wenye maumivu mapya ya mgongo waligawanywa makundi matatu: wa kulala siku mbili, wa kufanya mazoezi maalumu, na wa kuendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza. Waliopona vizuri zaidi ni wale walioendelea na maisha. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno: elimu kwa mgonjwa, mazoezi na baadhi ya tiba za mikono vimo. Mikanda ya kiunoni na mashine za kuvuta mgongo haipendekezi vitumike kama kawaida. Kwa hiyo ule mkanda wa shangazi tuliukunja tukauweka kabatini kwa heshima zote.

JUMAMOSI ZA TERRAT

Dawa aliyotoka nayo mume wangu ilikuwa fupi: lala kifudifudi ujiinue mara kumi, kila baada ya saa chache. Usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Na tembea, dakika kumi asubuhi, kumi jioni, ongeza kila wiki.

Kutembea mtaani kwetu kulimchosha kwa maswali. Kila dirisha linauliza, "Vipi baba, hujaenda Serengeti?" Ndipo tukaanza kwenda Terrat kila Jumamosi asubuhi. Tunapanda kifodi, tunashuka mapema, tunaifuata njia ya kwenda kwenye kiwanja chetu. Jumamosi ya kwanza tulifika kwenye mgunga mkubwa tu, tukasimama. Aliegemea shina, mimi nikatazama mlima. Hakuna aliyesema kitu. Ya pili tulifika kwenye kibanda cha chai. Ya nne tukafika kwa mzee mwenye punda.

Mwenzangu unayesoma hili, kuna jambo ambalo daktari hawezi kukuandikia. Mwanaume aliyezoea kuleta pesa akilala, nyumba nzima inalala naye. Anakuwa mkali, au anakuwa bubu. Mwanamke naye anabeba ndoo, mtoto, kodi na hasira. Tukitembea pamoja, mwendo wetu ulibidi uwe mmoja, na mwendo huo ulikuwa wake. Hapo njiani ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza kuhusu pesa zilizobaki, na kwamba tofali zitasubiri mwaka mwingine. Sebuleni tusingeweza kulisema bila kugombana.

Kutembea kuna ushahidi wake pia. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno. Nusu walipewa mpango wa kutembea, wakisimamiwa na fizio, wakilenga dakika 30 mara tano kwa wiki. Nusu nyingine hawakupewa. Kundi la kutembea lilikaa takriban siku 208 kabla maumivu hayajarudi, jingine siku 112. Kutembea hakukuahidi kwamba hayatarudi kabisa. Kulinunua muda, na muda kwa mtu anayeishi kwa msimu ni pesa.

Septemba tulifika kwenye msingi wetu kwa miguu yote minne. Oktoba alirudi kazini kwa safari za siku moja. Taulo lililokunjwa liko nyuma ya kiuno chake, pochi imehama kutoka mfuko wa nyuma, na kila wageni wakisimama kupiga picha naye anashuka anajinyoosha. Bado kuna asubuhi mguu unamkumbusha. Anajua la kufanya.

NDOO, KUNI NA MAJI YA MERU

Usidhani Terrat ni bustani ya mapumziko kwa wanaoishi pale. Utapishana na kina mama wenye mizigo ya kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Utaona mabinti wenye ndoo za lita 20 kichwani, hiyo ni kilo 20 za maji bila kuhesabu ndoo. Salimia. Mama wa Kimasai au Kiarusha mwambie "Takwenya," atakujibu "Iko." Kama mna nguvu na njia ni moja, kupokea dumu kwa hatua mia mbili si dhambi. Liweke karibu na mwili, badilisha mkono.

Kuna jambo jingine la eneo hili ambalo mgeni halijui. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Ndiyo inayoacha rangi ya kahawia kwenye meno ya watu wengi waliokulia huku. Sio uchafu, tafadhali usimcheke mtu. Ikizidi kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa, mgongo unakakamaa, viungo vinauma. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Wizara ya Maji ina kituo pale Ngurdoto kinachoshughulika na kuiondoa, zikiwemo chujio za mkaa wa mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo ukienda kwa daktari na mgongo uliokaza, mwambie pia ulikulia wapi na ulikunywa maji gani.

NA CHUMBANI JE?

Najua mlikuwa mnasubiri hapa. Maumivu ya kiuno yanaingia hadi kitandani, na wengi wanaona aibu kuuliza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapima wapenzi jozi kumi kwa kamera maalumu kuona mgongo unavyosogea wakati wa tendo. Waligundua kwamba hakuna mkao mmoja unaomfaa kila mtu. Hata ule wa kulala ubavu, ambao kwa miaka mingi ulishauriwa kwa wote, haumfai mtu anayeumia akiinama. Kanuni ni rahisi: kama kuinama kunakuumiza, chagueni mkao unaoacha mgongo umenyooka. Kama kunyooka ndiko kunakoumiza, fanyeni kinyume. Polepole, mto mmoja wa msaada, na mdomo wa kusema "hapo hapana." Kama usiku huu haiwezekani, kushikana mikono nako ni mapenzi.

USISUBIRI MATEMBEZI, KIMBILIA HOSPITALI

Kuna dalili ambazo hazitaki mazoezi wala mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- Mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe, au choo kinakuponyoka.
- Ganzi kati ya mapaja, sehemu zinazogusa tandiko ukipanda punda.
- Unyayo unalegea, unaburuza, au miguu yote miwili inapoteza nguvu.
- Maumivu yameanza baada ya ajali au kuanguka.
- Homa, jasho la usiku, kukonda, au kikohozi kisichoisha. Kifua kikuu kinaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na kinatibika kikiwahiwa.
- Umewahi kuugua saratani, au maumivu yanakuamsha usiku bila kupoa kwa mkao wowote.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki navyo usivifanye karanga. Vinaweza kuchubua tumbo na kuumiza figo. Muulize daktari, hasa kama una vidonda vya tumbo au presha.

UKIAMUA KWENDA

Nenda asubuhi mapema, kabla jua halijakaza na kabla mawingu hayajaufunika Meru. Juni na Julai beba sweta, masika beba viatu vya matope. Vaa raba, sio ndala. Beba maji ya kunywa, na mkoba uwe wa kubeba mabegani kote kuwili. Anza na umbali ambao mgongo wako unauweza leo, sio uliouweza mwaka jana. Panga mahali pa kugeukia kabla hamjaanza, maana njia ya kurudi nayo ina hatua zile zile. Ganzi ikishuka mguuni, simameni, jinyoosheni, mkipoa rudini polepole. Usipige picha ya boma la mtu bila kuomba.

Kama bado hujapimwa, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, au hospitali nyingine kubwa ya mjini, uulizie kitengo cha fizio. Ukihitaji zaidi, KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wataalamu na chuo kinachowafundisha. Uliza bei kabla, uliza bima yako inalipia mara ngapi, na omba uandikiwe mazoezi ya kufanya nyumbani. Fizio mzuri anataka siku moja usimhitaji.

Mkimaliza, teremkeni Kwa Mrombo. Agizeni mbuzi nusu kilo na ndizi. Mwenye mgongo ale akiwa amesimama, hakuna atakayemshangaa.